Kabla ya kung'arisha meno, uliza kwa nini yanakufa ganzi

Ukitaka kujua vijana wa Laare wanatamani nini siku hizi, angalia simu zao. Katikati ya video za miraa ikifungwa kwa majani ya mgomba na magari yakitoka mbio kuelekea Nairobi, utakutana na tangazo la poda nyeusi ya makaa, la stika za kubandika kwenye meno, au la kidude chenye taa ya samawati ambacho unakiuma mdomoni kama mtoto aliyepewa chuchu. Ujumbe ni ule ule: siku saba tu, meno meupe pe. Unatuma pesa kwa M-Pesa, mzigo unapanda matatu, jioni unauchukua stejini.

Sina ugomvi na mtu anayetaka meno meupe. Mimi pia nina kioo nyumbani. Ugomvi wangu ni huu: hapa kwetu, wanaonunua vitu hivi kwa pupa zaidi ndio wale wale ambao meno yao yanadunga wakinywa maji baridi. Meno hayo yanasema kitu, na hakuna tangazo hata moja nimeliona likisema yasikilizwe kwanza. Maoni yangu ni kwamba kama meno yako yana ganzi, hujafika hatua ya kuyang'arisha. Una kazi nyingine ya kumaliza kwanza, na kazi hiyo yenyewe inaweza kukupa weupe mwingi kuliko unavyodhani.

Niseme mapema, mimi si daktari. Chuo niliacha kabla ya kumaliza, na kozi yenyewe haikuwa ya meno. Lakini haya mambo yameandikwa wazi, na yeyote mwenye bando anaweza kuyasoma badala ya kutazama video ya kumi na nne ya mtu akisugua makaa.

Tuanze na rangi inakotoka. Miraa ina tanini nyingi, kemikali za jamii ile ile inayofanya kikombe cha chai ya rangi kibaki na mduara wa kahawia. Tanini hushika juu ya jino kama inavyoshika kikombe. Sigara na kahawa nazo zina mchezo huo. Sasa fikiria msee anayekula giza au alele: anaambua ganda la kijiti kwa meno ya mbele, anakusanya takisi shavuni upande mmoja, na anakaa nayo saa nne, saa tano. Anayechana muguka wa Mbeere anatafuna majani, lakini muda ambao mdomo unakaa kazini ni ule ule. Kitambaa cheupe ukikiloweka saa zote hizo kila jioni kingekuwa na rangi gani?

Rangi peke yake isingekuwa shida kubwa. Shida ni vinavyoandamana nayo. Kwanza, miraa hukausha mate. Pili, ni chungu, kwa hiyo watu huitafuna na Big G, soda au chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Mate ndiyo walinzi wa meno. Yanaosha, yanapunguza makali ya asidi na kulirudishia jino madini yanayolitoka. Ukiyakausha halafu ukaacha sukari ikae mdomoni jioni nzima, bakteria wanapata karamu na wanaigeuza sukari hiyo kuwa asidi. Soda nayo inakuja na asidi yake yenyewe. Gamba la nje la jino, ile enameli, huanza kuyeyuka kipimo cha pH kikishuka chini ya takriban 5.5. Soda ya kola iko kwenye 2.5 hivi. Ndimu iko kati ya 2 na 3. Na enameli ikishaisha haioti tena, hata ukingoje mpaka miraa ya asili izae matunda ya embe.

Ganzi inaingia hapo. Chini ya enameli kuna tabaka liitwalo dentini, na dentini imejaa vijitundu vidogo mno, maelfu kwa maelfu, vyenye majimaji ndani. Daktari wa Uswidi, Martin Brännström, ndiye aliyetetea katika miaka ya 1960 maelezo ambayo bado yanakubalika na wengi: kitu baridi, kitamu au upepo vikigusa dentini iliyo wazi, majimaji hayo husukumwa, na neva iliyo katikati ya jino hupiga kelele. Kwa hivyo meno yakidunga, mara nyingi ina maana kwamba mahali fulani mlango uko wazi.

Mlango upi? Hapo ndipo watu huruka darasa. Inaweza kuwa tundu la kuoza ambalo halijaanza kuonekana. Inaweza kuwa ufizi umerudi nyuma na kuacha shina la jino uchi, na shina halina enameli ya kulifunika. Inaweza kuwa enameli imelika kwa asidi, au jino lina ufa, au taya lako linakaza usiku na kusaga. Inaweza hata kuwa ni mkono wako mwenyewe: umenunua mswaki mgumu kama brashi ya kufulia jinzi na unasugua kama unatoa matope kwenye gambuti, ukidhani unatoa rangi ya jaba. Kila sababu ina tiba yake, na hakuna hata moja inayotibiwa na poda ya makaa.

Poda yenyewe tuiangalie. Makaa hayang'arishi jino, yanalikwaruza. Madoa ya juu yanaweza kutoka, sawa, lakini ukisugua kila siku unaondoa pia kidogo kidogo cha kile unachotaka kukionyesha. Mwaka 2017 jarida la chama cha madaktari wa meno cha Marekani lilichapisha tathmini ya tafiti zilizokuwepo kuhusu dawa za meno za makaa, na hitimisho lilikuwa kwamba hakukuwa na ushahidi wa kutosha kuonyesha kuwa ni salama wala kwamba zinafanya kazi inayodaiwa. Na kuna jambo ambalo wauzaji hawataji: dentini ni ya manjano kwa asili yake. Ukiikonda enameli, unayoiona kwa chini ni hiyo manjano. Mtu anasugua ili awe mweupe, anazidi kuwa wa manjano, basi anaongeza kusugua.

Ndimu na magadi ya kupikia? Ule mchanganyiko unatoa povu na unapendeza kwenye kamera. Ndimu ni asidi ya kulainisha enameli, halafu unaisugua ikiwa laini. Kwa mtu mwenye ganzi hiyo ni sawa na kumwaga chumvi kwenye kidonda na kukipiga picha.

Tukija kwa dawa zenyewe, zile za kweli, nyingi hutumia peroksaidi ya hidrojeni au dada yake, peroksaidi ya kabamaidi. Hizi hazikwaruzi. Zinapenya ndani ya jino na kuvunjavunja chembe zinazobeba rangi. Ndiyo maana zinafanya kazi, na ndiyo maana zinaleta ganzi hata kwa mtu aliyekuwa mzima: ndani ya dakika chache dawa inaweza kupita enameli na dentini na kufika kwenye neva. Kwa mwenye meno mazima, ganzi hiyo kwa kawaida hutulia baada ya siku chache. Kwa mwenye tundu au shina lililo wazi, umeipa dawa njia ya mkato.

Kuna jamaa yangu, tunaitana binamu ingawa undugu wenyewe ni wa mbali, aliyeagiza kifaa cha taa ya samawati kwa mtu wa mtandaoni. Alikuwa na mahojiano ya kazi hotelini, na mtu alimwambia kwa utani kwamba meno yake yanataja kijiji chake kabla hajafungua mdomo. Jino moja la juu lilikuwa limemsumbua tangu Aprili akinywa soda. Siku ya kwanza ya dawa lilimuuma hadi jicho. Alimwandikia muuzaji, akajibiwa kwamba maumivu ni dalili kuwa inafanya kazi. Basi akavumilia wiki nzima, akimeza vidonge vya maumivu kila usiku. Lilipokuja kuangaliwa na daktari, lilikuwa limeoza hadi ndani, na alilitoa. Daktari alimwambia ukweli: dawa haikuliozesha, lilikuwa limeoza zamani. Lakini wiki ile, na miezi iliyoitangulia, ndiyo ingeweza kuwa ya kuliziba. Kwenye mahojiano alienda na pengo.

Lile jibu la muuzaji ndilo lililonifanya niandike haya. "Maumivu ni dalili kuwa inafanya kazi." Hebu tulitupe hilo neno. Maumivu ya jino ni dalili ya kusimama.

Na ile taa? Kinachong'arisha ni dawa. Taa ya samawati ya kidude cha betri inakupa picha nzuri ya kuweka status, basi. Kitu cha kuuliza ni asilimia ya dawa. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwishoni mwa 2012, bidhaa za kung'arisha meno zenye peroksaidi ya hidrojeni zaidi ya asilimia 0.1 hadi asilimia 6 lazima zianzie kwa daktari wa meno, haziruhusiwi kwa aliye chini ya miaka 18, na zinazozidi asilimia 6 haziuzwi kama vipodozi. Wenzetu wanaziogopa kiasi hicho, na sisi tunazipokea stejini zikiwa kwenye mfuko wa nailoni bila hata karatasi ya maelezo.

Ukiona kabamaidi asilimia 10, usishtuke kwa hiyo namba. Inatoa peroksaidi ya hidrojeni ya takriban asilimia 3.5 tu. Ndiyo dawa iliyotumika katika njia ambayo madaktari wawili wa Marekani, Haywood na Heymann, waliieleza mwaka 1989: kifuniko laini kilichotengenezwa kwa umbo la meno yako, dawa kidogo ndani, usiku, kwa wiki kadhaa. Ni pole pole, na kwa meno yenye ganzi pole pole ndiyo njia. Dawa kali ya haraka huleta ganzi zaidi, na mwisho wa safari weupe haupishani sana.

Kuna pia madoa ambayo jaba haihusiki. Mtu aliyekulia Nakuru, Naivasha au upande wa Arusha kule Tanzania anaweza kuwa na meno ya kahawia au yenye mabaka meupe kwa sababu ya maji aliyokunywa utotoni. Maji ya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi katika sehemu kadhaa, na Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi wakati meno ya ukubwani yanaumbika, doa linaingia ndani ya jino lenyewe. Hata usugue hadi Krismasi, doa hilo halitoki kwa kusugua. Kuna namna za kulisaidia, lakini ni za daktari. Usimcheke mwenzako ati hapigi mswaki. Huenda anapiga kukuliko.

Najua watakaosema haya yote ni maringo. Wazee wengine watasema sisi wa sasa tunataka meno ya televisheni. Sikubali. Kijana wa hapa akienda kutafuta kazi benki, hotelini au dukani Nairobi, meno yake yanasomwa kama barua ya chifu. Akitabasamu tu, mtu ameshaamua kwamba huyu ni wa gomba, hatalala, hatakuja kazini Jumatatu. Na pengine yeye hachani kabisa, ni chai ya rangi na maji ya utotoni. Wengine ni wachumaji na wafungaji ambao jaba ndiyo iliyowalipia karo. Kuona aibu kucheka ni mzigo, na kutaka kuutua si ujinga. Ndiyo maana nakasirika aibu hiyo inapogeuzwa kuwa soko la kuuzia watu makaa.

Wengine watasema daktari wa meno ni ghali. Wakati mwingine ni kweli. Lakini hesabu vizuri. Piga jumla ya poda, stika na kifaa ulichoagiza mwaka huu, halafu piga simu kliniki ya Maua au Meru mjini uulize bei ya kuangaliwa na kusafishwa meno. Uliza pia hospitali ya umma. Kuziba tundu dogo ni nafuu kuliko kutibu mzizi, na kutibu mzizi ni nafuu kuliko kupandikizwa jino bandia. Kila mwezi unaoahirisha, unapanda ngazi moja ya bei. Na ukienda, hakikisha unaingia kwa daktari wa kweli. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, lina orodha ya waliosajiliwa kwenye tovuti yake. Inachukua dakika mbili kutafuta jina.

Kwa hivyo mpangilio wangu ni huu. Hatua ya kwanza ni kujua ganzi inatoka wapi na kuitibu: tundu lizibwe, ufizi utazamwe. Hatua ya pili ni kusafishwa meno kwa daktari, yaani kutoa ugaga na kung'arishwa kwa juu. Rangi ya jaba, chai na sigara kwa sehemu kubwa iko juu ya jino, na hapa ndipo wengi watagundua kwamba walichokuwa wakitafuta kimepatikana bila tone la peroksaidi. Hatua ya tatu, kwa anayetaka bado, ni dawa ya nguvu ndogo chini ya uangalizi, baada ya wiki mbili hivi za kupiga mswaki kwa dawa ya meno ya ganzi, ile yenye nitrati ya potasiamu, ambayo hutuliza neva. Ikidunga, ruka siku moja au mbili. Mjamzito asubiri. Aliye chini ya miaka 18 asubiri. Na mwenye jino la kuzibwa mbele au la bandia ajue kwamba hivyo havibadiliki rangi. Ukiyang'arisha ya kando, lile litabaki likikusaliti.

Kwa siku za kawaida: mswaki laini, dawa yenye floraidi, asubuhi na usiku. Tema povu, usisukutue kwa maji tele. Ukimaliza soda au ndimu, ngoja angalau nusu saa ndipo upige mswaki, kwa sababu enameli imelainika. Na kama unachana, sitakuhubiria leo. Ila tafuna na maji badala ya soda, tafuta Big G isiyo na sukari, badilisha shavu, na usilale na takisi mdomoni.

Lina upande wa jamii pia. Uingereza ilipopiga marufuku miraa mwaka 2014, tuliongea pesa. Mombasa ilipoikataza muguka mwaka 2024, tuliongea pesa tena, na siasa, na akili za vijana. Meno ya mchumaji na ya mtafunaji sikuyasikia yakitajwa. Viongozi wetu wakitafuta soko jipya la miraa, wakumbuke pia kiti cha daktari wa meno karibu na mashamba, ili mtu wa Laare asitumie siku nzima ya kazi kwa sababu ya tundu la dakika ishirini. Na wauzaji wa mtandaoni, hebu andikeni asilimia kwenye bidhaa. Kama hujui asilimia ya unachouza, unawezaje kumwambia mtu akiweke mdomoni?

Kama una harusi Disemba, au mahojiano, au umechoka tu kucheka ukiwa umeziba mdomo kwa kiganja, anza miezi mitatu kabla. Mwezi wa kwanza uwe wa daktari na kuziba matundu. Wa pili uwe wa kusafishwa na dawa ya ganzi. Wa tatu, kama bado unataka, uwe wa kung'arisha pole pole. Lakini wiki hii fanya jambo moja la bure: chukua glasi ya maji baridi, kunywa, na uangalie ni jino gani linaloruka. Hilo ndilo la kumwonyesha daktari kwanza.